KANISA KUU LA BEAUVAIS: JENGO REFU LISILO NA UKUMBI

Msafiri atokaye Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akishika njia ya kaskazini kwa mwendo wa kilomita 75 hivi, hufika katika mji uitwao Beauvais. Kabla hajaziona nyumba za mji huona jengo moja lililopanda juu ya mapaa yote, na umbo lake si la kawaida. Kwenda juu ni refu mno, lakini kwenda mbele ni fupi, kana kwamba limekatwa katikati. Hilo ndilo Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Dari yake ya mawe iko juu ya sakafu kwa mita 48, yaani futi 157, na katika makanisa yote ya namna yake yaliyojengwa Ulaya katika zamani zile, hakuna hata moja lenye dari ya mawe iliyo juu kuliko hiyo. Mnazi mrefu ukisimamishwa juu ya kilele cha mnazi mwingine mrefu, hapo ndipo makuti ya ule wa juu yangeikaribia dari hiyo.

Kwa desturi kanisa kuu la Kikatoliki la wakati ule lilijengwa kwa umbo la msalaba uliolazwa chini. Kichwa cha msalaba kilielekea mashariki, na huko ndiko ilikokuwa altare. Mikono miwili ilikuwa mabawa, moja la kaskazini na moja la kusini. Shina la msalaba, lililo refu kuliko sehemu nyingine, lilielekea magharibi, nalo lilikuwa ukumbi wa waumini. Kanisa la Beauvais lina kichwa, lina na mikono, lakini shina halina. Aingiaye ndani na kugeukia magharibi, mahali ambapo angetazamia kuuona ukumbi mrefu wenye safu za nguzo, huona ukuta.

Sababu ya ukuta ule kuwa pale ni habari ya miaka karibu 400, na yafaa ijulikane na kila mtu apendaye kazi ya uashi.

MOTO WA MWAKA 1225

Hapo zamani palikuwa na kanisa jingine mahali pale, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 10. Halikuwa kubwa. Mafundi wake walitumia mawe madogo madogo yaliyotolewa katika magofu ya majengo ya Warumi wa kale, na paa lake lilikuwa la mbao. Mwaka 1225 moto uliliharibu. Askofu wa Beauvais wakati huo, Milon de Nanteuil, hakutaka kutia viraka. Alikata shauri kujenga upya kabisa, na yeye pamoja na makanoni wake, yaani mapadre wa baraza la kanisa kuu, wakaahidi kutoa sehemu moja katika kumi ya mapato yao kila mwaka kwa muda wa miaka 10 ili kuilipia kazi hiyo.

Ni lazima ieleweke jinsi mambo yalivyokuwa kaskazini ya Ufaransa siku zile. Miji ilikuwa ikitajirika kwa biashara, hasa ya nguo za sufu, na kila mji ulitaka kanisa lililo kubwa kuliko la jirani. Dari ya kanisa la Notre-Dame kule Paris ilikuwa imefika mita 33 hivi. Ile ya Chartres ilifika 37. Mwaka 1220, miaka mitano tu kabla ya moto wa Beauvais, watu wa Amiens, mji ulio jirani upande wa kaskazini, walianza kujenga kanisa ambalo dari yake ingefika mita 42. Watu wa Beauvais hawakukubali kuwa nyuma ya Amiens.

Kazi haikwenda upesi. Mwaka 1233 palizuka ugomvi mkubwa baina ya Askofu na Mfalme Ludoviko wa 9 kwa sababu ya mamlaka katika mji, na ujenzi ukalegea. Askofu Milon alikufa asione jengo lake likiezekwa. Lakini hatimaye, mwaka 1272, upande wa altare ulikwisha. Nguzo zake zilikuwa nyembamba na zimeachana sana, madirisha yake ya vioo vya rangi yalikuwa marefu kupita kiasi, na juu yake ilining'inia ile dari ya mita 48. Yasemekana kwa haki kwamba jengo la mawe lilikuwa halijapata kufanywa jepesi namna ile.

JINSI MAWE YANAVYOSUKUMA

Hapa hapana budi kueleza jambo moja la ufundi, kwa kuwa mtu asipolielewa hataelewa yaliyofuata.

Watu wengi hudhani kwamba uzito wa jengo hushuka chini tu. Sivyo. Mtu akichukua mbao mbili na kuziegemeza moja kwa nyingine kama paa la nyumba, ataona zikiteleza chini kwa kutanuka, kila moja ikienda upande wake. Mtu aliyejenga nyumba ya miti na udongo ajua vema kwamba paa lisipofungwa kwa mtambaapanya, kuta hutanuliwa nje hata zikapasuka. Tao la mawe ni vivyo hivyo. Kila jiwe humbana mwenziwe, na ule ubanaji hufika kwenye mguu wa tao na kuusukuma nje. Dari ya mawe ni matao mengi yaliyounganishwa pamoja, na kadiri nafasi baina ya nguzo ilivyo pana, ndivyo msukumo unavyozidi kwa kila nguzo.

Wajenzi wa zamani zaidi walishindana na msukumo huo kwa kufanya kuta nene mno, zenye madirisha madogo, na kwa hiyo makanisa yao yalikuwa na giza. Mafundi wa karne ya 12 na ya 13 walivumbua njia nyingine. Waliacha ukuta uwe mwembamba, wakautegemeza kwa nje. Watu wa pwani watafahamu mara moja kwa kukumbuka jahazi lililopandishwa ufukoni kwa matengenezo. Jahazi haliwezi kusimama lenyewe juu ya mkuku wake, basi huwekewa gadi huku na huku, na gadi hizo hulizuia lisilale. Makanisa haya nayo yana gadi zake, ila ni za mawe. Ni matao yanayoruka hewani kutoka ukuta wa kanisa mpaka kwenye nguzo nene zilizosimama nje, na kupitia matao hayo msukumo wa dari hupelekwa mbali na kushushwa ardhini. Kwa njia hiyo ukuta hauna kazi kubwa ya kubeba, na mahali pake pangeweza kuwekwa kioo.

Kule Beauvais gadi hizi zina ngazi mbili. Tao la kwanza hutoka ukutani na kutua juu ya nguzo ya katikati, kisha tao la pili huruka kutoka nguzo hiyo mpaka ile nguzo kubwa ya nje. Ile nguzo ya katikati ni nyembamba nayo ni ndefu. Mbali na mawe, kitu kingine kilichokuwa kikishika kazi yote hii ni chokaa, na chokaa hustahimili kubanwa kwa miaka mingi, lakini kuvutwa haistahimili.

Mwaka 1284, miaka 12 tu baada ya kazi kumalizika, sehemu kubwa ya dari ilianguka pamoja na baadhi ya gadi zake.

Wataalamu wamebishana muda mrefu juu ya sababu, na ubishi wenyewe haujakwisha. Wengine walisema msingi ni mbaya, lakini wengi waliochunguza baadaye wameutilia shaka usemi huo. Mwaka 1976 Robert Mark, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Princeton kule Marekani, na mwenzake Maury Wolfe, walitoa maelezo yaliyokubaliwa na wengi. Walikuwa wamefanya kielelezo kidogo cha plastiki cha jengo lile, wakakitundikia mizigo mfano wa uzito wa mawe na nguvu za upepo, kisha wakakimulika kwa taa ya namna ya pekee inayoonyesha kwa rangi mahali palipobanwa na mahali palipovutwa. Wakaona ya kuwa upepo wa dhoruba unapolipiga kanisa, ile nguzo nyembamba ya katikati huvutwa upande mmoja. Chokaa hupata ufa mdogo. Dhoruba ya pili huuongeza. Basi, kwa maelezo hayo, kanisa halikuangushwa na urefu wake peke yake, bali na pepo za miaka 12, na kwa juu hakuna aliyeweza kuona kinachotendeka.

Mafundi wa mwaka 1284 hawakuwa na plastiki wala taa za namna hiyo, lakini waliijua dawa. Hawakupunguza dari; waliirudisha kulekule juu. Walichofanya ni kusimamisha nguzo mpya katikati ya kila nguzo mbili za zamani, hata nafasi tatu pana za upande wa altare zikawa sita nyembamba, na gadi zikaongezwa kulingana nazo. Mpaka leo mwenye jicho la fundi akisimama ndani huweza kutambua nguzo zipi ni za mwanzo na zipi ziliingizwa baada ya kuanguka. Uzuri ulipungua kidogo, maana ule wepesi wa kwanza ulipotea. Lakini sehemu ile haikuanguka tena.

MIAKA YA VITA

Kazi ya kutengeneza ilichukua miongo kadhaa. Haijapita siku nyingi, mwaka 1337, vita vikaanza baina ya Uingereza na Ufaransa, vita ambavyo kwa kusimama na kuanza tena vilidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1348 tauni ikaingia. Hapakuwa na fedha wala watu. Kanisa likabaki kichwa bila mwili, na waumini wakaendelea kutumia sehemu ya lile kanisa dogo la kale, lililokuwa bado limesimama upande wa magharibi.

Vita vile vikubwa vilipokwisha mji haukupata raha mara moja. Mwaka 1472 Charles, Mtawala wa Burgundy, aliuzunguka kwa jeshi lake. Wanawake walipanda juu ya boma pamoja na waume zao, na mmoja wao, Jeanne Laisné, aliyepewa baadaye jina la Jeanne Hachette, alimnyang'anya askari bendera yake. Jeshi lile likashindwa, na Mfalme Ludoviko wa 11 akawapa wanawake wa Beauvais heshima ya kuwatangulia wanaume katika maandamano ya kuukumbuka ushindi huo. Habari hii si ya uashi, lakini yafaa kuonyesha jinsi watu waliolijenga kanisa hili walivyokuwa si watu wa kukata tamaa upesi.

Mwaka 1500 ujenzi ulianza tena. Aliitwa Martin Chambiges, fundi mwenye sifa aliyekuwa akifanya kazi katika kanisa kuu la Sens, naye akapewa kazi ya kujenga mabawa mawili. Chambiges alifanya kazi Beauvais mpaka kufa kwake mwaka 1532, na mabawa yalikamilishwa na wengine mwaka 1548. Pande zake za mbele, zenye madirisha ya duara na nakshi nyembamba kama kazi ya sonara, huhesabiwa miongoni mwa kazi bora za mwisho za namna hiyo ya ujenzi nchini Ufaransa.

Sasa yalibaki mambo mawili, ukumbi wa waumini na mnara. Fedha hazikutosha kwa yote mawili pamoja. Baraza la kanisa lilishauriana, na kauli ya wengi ikawa kwamba mnara utangulie.

MNARA WA MITA 153

Uamuzi huo ndio uliolipoteza kanisa, na sababu yake ni rahisi kuiona. Mnara ulipasa kusimama juu ya nguzo nne, pale kati ambapo mabawa na upande wa altare hukutana kama njia panda. Kila nguzo ya njia panda ilitanuliwa nje na matao iliyoyabeba. Upande wa mashariki msukumo huo ulizuiwa na sehemu ya altare. Upande wa kaskazini na wa kusini ulizuiwa na mabawa. Upande wa magharibi hapakuwa na kitu. Ukumbi, ambao kazi yake nyingine isiyoonekana ingekuwa kuziegemeza nguzo hizo, ulikuwa haujajengwa.

Fundi Jean Vast ndiye aliyeshika kazi, na mwaka 1569 mnara ulikwisha. Ulikuwa na ghorofa tatu za mawe na juu yake kilele cha mbao, na jumla ya urefu wake ilifika mita 153, yaani zaidi ya futi 500. Katika miaka ile ulihesabiwa kuwa miongoni mwa vitu virefu kupita vyote vilivyofanywa kwa mikono ya wanadamu. Kule Roma kuba ya kanisa la Mtakatifu Petro, iliyobuniwa na Michelangelo, ilikuwa bado haijakwisha. Bila shaka wapo watu wa Beauvais waliofurahia jambo hilo.

Furaha haikudumu. Nguzo mbili za upande wa magharibi zilianza kuegemea kule kulikokuwa wazi. Mwaka 1571 waliletwa mafundi wakuu kutoka Paris, wakapima kwa timazi, nao wakatoa shauri kwamba nguzo ziimarishwe na kuta za ukumbi zianze kujengwa ili ziwe egemeo. Shauri hilo halikuwa na fumbo lolote. Hata hivyo fedha zilikuwa zimekwisha katika mnara, na wakuu wa kanisa wakashauriana tena, wakaahirisha, wakashauriana. Walipokuwa tayari kuanza, muda ulikuwa umekwisha.

Tarehe 30 Aprili 1573 ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Asubuhi hiyo waumini walikuwa wamejaa kanisani, kisha wakatoka nje kwa maandamano, wakiwa na mapadre wao, kama ilivyokuwa desturi ya sikukuu. Maandamano yalikuwa yamekwisha kutoka, na kanisa karibu tupu, mnara ulipoanguka. Ghorofa tatu za mawe na kile kilele cha mbao vilishuka vyote, vikavunja na dari zilizokuwa karibu. Hakufa mtu. Mnara ungalianguka muda mfupi kabla ya hapo, pasingalikuwa na nyumba katika mji wa Beauvais isiyolia.

Fedha zilizokuwa zimebaki, pamoja na zilizokusanywa tena kwa taabu, zilitumika kuondoa kifusi na kurudisha dari zilizovunjika. Mnara haukujengwa tena. Wa ukumbi ilijengwa sehemu moja ya mwanzo tu, kisha mwanzoni mwa karne ya 17 kazi ikaachwa kabisa, na upande wa magharibi ukazibwa kwa ule ukuta uonekanao.

KANISA LILIVYO TANGU HAPO

Mtu angeweza kudhani kwamba jengo lenye bahati ya namna hii lingalikuwa limekwisha kuwa gofu. Lakini mwezi wa Juni 1940, katika Vita Kuu ya Pili, mabomu ya Wajerumani yaliuteketeza mji wa Beauvais, mitaa ya kale ya katikati ikawa majivu, na kanisa likabaki limesimama. Vioo vyake vya rangi vilikuwa vimeondolewa mapema na kufichwa.

Hatari iliyofuata ilitoka kwa watu waliolitakia mema. Baina ya gadi za mawe za upande wa altare palikuwa na vyuma vilivyozifunga pamoja, vyuma vya tangu zamani. Katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi ya vyuma hivyo viliondolewa, kwa kuwa vilidhaniwa kuwa havina kazi tena. Upepo utokao baharini ulipovuma, gadi zikaonekana kuyumba kupita kiasi, na ikawa lazima kuzifunga upya. Katika miaka ya 1990 mihimili mikubwa ya mbao na chuma iliwekwa ndani ya mabawa, kuvuka kutoka nguzo hata nguzo, ili kuzishika zisizidi kusogea. Iliwekwa iwe ya muda tu. Haipendezi machoni, na wageni wengine hunung'unika, lakini ni afadhali mhimili mbaya kuliko nguzo nzuri iliyolala chini.

Mwenye kutoka nje na kuzunguka upande wa magharibi atakuta bado kitu kimoja. Mbele ya ule ukuta uliozibwa, chini kabisa, limesimama jengo dogo lenye kuta za mawe madogo madogo na paa la mbao. Wafaransa huliita Basse-Œuvre, maana yake Jengo la Chini. Ni sehemu ya lile kanisa la karne ya 10 lililoharibiwa na moto mwaka 1225. Shauri la Askofu Milon lilikuwa libomolewe pole pole kadiri kanisa jipya lilivyokuwa likisogea kuelekea magharibi, na kweli upande wake mmoja ulibomolewa. Lakini ukumbi mpya haukufika, na kwa hiyo kanisa la kale liko palepale mpaka leo, likiwa na umri wa miaka 1,000 hivi, na paa lake halina msukumo wa kuzisumbua kuta zake.